Marufuku Kuwa wa Mwisho

Mabaharia wote wa Bahari ya Atlantiki wajulishwe kwamba, kuanzia ule msimu wa baridi wa vita, kuwa wa mwisho kulipigwa marufuku.

Nasema ninachokijua. Mimi nilikuwa katibu wa Kamati ya Kudhibiti Mkia wa Msafara, makao yake Liverpool. Baada ya utafiti wa kina tulibaini kwamba nyambizi za Wajerumani hupenda kuzamisha meli iliyoachwa nyuma na wenzake. Mwenyekiti wetu, Sir Lionel Threlfall, akakata shauri palepale: msafara usiwe na meli ya nyuma. Mkuu wa meli itakayoingia bandarini ya mwisho atanyang'anywa cheti, asiongoze tena hata mtumbwi. Na meli ikikwama njiani, ole wake atakayesimama kuisaidia.

Tulivuka bahari hadi bandari ya Halifax, msafara unakoanzia, kuwasomea amri hiyo manahodha kabla hawajang'oa nanga. Akainuka Kapteni Ifor Pritchard, Mwelshi mwenye meli ya makaa ya mawe iitwayo Nerys, kikongwe kinachokohoa moshi mweusi.

"Samahani, mheshimiwa. Hata tungekuwa malaika, si lazima mmoja wetu aingie wa mwisho?"

"Huo ni ukaidi, Kapteni," alisema Sir Lionel. "Meli zote zitakwenda maili tisa kwa saa."

"Nerys inakwenda saba, tena ikiwa na furaha."

"Kamati imeamua tisa."

"Basi mwambie mwenyewe. Mimi na Nerys ndoa yetu ina miaka kumi na moja, hajawahi kunisikiliza."

Manahodha wakaangua kicheko. Pritchard hakucheka. "Cheti hicho ndicho kinachowalisha binti zangu kule nyumbani Barry," alisema. "Mkinivua, mmewavua na wao." Niliona huruma kidogo, lakini huruma haikuwa kwenye ajenda.

Ili kuonyesha mfano, Sir Lionel alipanda Duchess Maud, meli mpya yenye mbio, akamwondoa nahodha wake kwenye usukani. "Humu mkuu ni mimi," akaniambia. "Andika." Nikaandika.

Siku ya pili Nerys ikabaki moshi tu huko nyuma. Sir Lionel, kwa furaha, akaamuru injini zetu zikazwe mpaka mwisho. Fundi mkuu akamsihi, weee! Akaambiwa asilete siasa. Punde boila ikapasuka kwa kishindo, na Duchess Maud ikasimama kimya katikati ya bahari.

Msafara ukatupita. Kila nahodha alituvulia kofia kwa adabu, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Nidhamu ya namna ile sijaiona tena. Manowari ya ulinzi ikatumulikia ujumbe kwa taa: "Poleni. Marufuku."

Tukabaki peke yetu. Kila wimbi niliona ni nyambizi. Sir Lionel alikuwa amekwisha kuvaa boya la kujiokolea, na la kwangu pia.

Ndipo ukatokea moshi mweusi.

"Pritchard! Simama!" Sir Lionel akapiga kelele.

"Siruhusiwi, mheshimiwa!"

"Nakuamuru!"

"Nifuate ipi sasa, amri ya Halifax au ya hapa?"

"Tupe kamba, bwana wee! Tutakufa!"

"Ahaa, kamba! Kutupa kamba hamkukataza. Wala sitasimama. Kwa mwendo wetu huu, mtaidaka tu."

Tukaidaka. Nerys ikatukokota hadi Liverpool, huku ikikohoa, na nyambizi hazikutugusa. Nadhani hazikuamini kwamba kuna meli inayoweza kwenda vitani kwa mwendo ule.

Tulipoingia bandarini Sir Lionel alikuwa amekwisha kupata nguvu. Alitoka hadi sitahani na kupaza sauti: "Kapteni Pritchard! Wenzako wote wamekwisha kufika. Lete cheti!"

Pritchard alikuwa ameegemea ukingo wa nyuma wa Nerys, kikombe cha chai mkononi, akiitazama ile kamba iliyonyooka kutoka kwake hadi kwetu.

"Mbona mimi si wa mwisho, mheshimiwa? Nyuma yangu kuna meli."

Sir Lionel akageuka kutazama nyuma yetu. Palikuwa na maji matupu. Akaninong'oneza:

"Katibu, hivi tuliandika nani ndiye mkuu wa meli hii?"