Mdomo Wangu Ukutani kwa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Nimechorwa! Bila kuulizwa! Ukuta mzima wa duka la shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, yule fundi cherehani mwenye roho ya korosho. Mimi huyo, mrefu kuliko mlango, nimelala kitini, mdomo wazi kama pango. Mapengo yangu yote yamo. Kumbe mchoraji alinipiga picha nilipopitiwa na usingizi kibarazani hapo. Nikamwambia shemeji anifute. Akauliza kwani ile si sura yangu? Nikasema ni yangu, ndiyo maana! Akacheka hadi pini zikamponyoka mdomoni.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Matembezi ya kutazama michoro ya mitaani sasa yanapita kwetu. Kiongozi wao ni kijana mwenye kipaza sauti kifuani. Mtaa umeshambatiza Kipaza. Akawaambia wageni wake kuwa mzee huyu ni wa kubuni, mfano wa kizazi kilicholala wakati dunia inakwenda. Kimelala! Mimi niliyemaliza mgongo kwa kubeba magunia ghalani! Nikasimama chini ya mchoro, nikamwambia mzee mwenyewe ndiye mimi. Akanitazama, akautazama ukuta, akaniomba nisogee kidogo, naziba picha. Nikaachama mdomo uwe ushahidi. Mama mmoja akanitia peremende.

Jumatano, 6 Machi
Binti yangu kasema baba achana nayo, watu watasahau. Watasahau wapi! Watoto wakiniona wanakoroma. Hata kinyozi kakoroma, na wembe uko shingoni mwangu.
Nina mpango. Ndoo ya chokaa. Ule mdomo nitaufunga mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Jua la utosi. Shemeji kaenda kula. Nikapanda ngazi. Chokaa gani hii! Napaka, maji matupu. Meno bado yananicheka. Nikarudia. Nikarudia tena. Hadi kimio cha kooni nakiona! Muuza chokaa kaniuzia maji aliyooshea ndoo, mwizi mkubwa. Kwa hasira nikaumwagia ukuta ndoo nzima, nikaenda zangu kulala.

Ijumaa, 8 Machi
Kumbe chokaa mbichi haionekani. Inangoja ikauke ndipo iwake! Binti yangu ananiambia leo, maji yameshamwagika. Ukuta mweupe pe! Mdomo umekuwa mpana kama shuka, umemeza pua na shavu moja.
Kipaza kaja na kundi maradufu. Kasema msanii asiyejulikana ameongeza kilio cha kizazi kilichozibwa mdomo. Makofi! Bibi mmoja akafuta machozi. Kipaza akasema laiti angempata msanii huyo, angempa mkono mbele ya watu wote.
Jamani, tangu nizaliwe sijapigiwa makofi. Nikajitokeza. Nikasema msanii ndiye huyu, na ndoo iko nyumbani, anayebisha twende.
Shemeji akatoka dukani, utepe wa kupimia shingoni. Mkono hakunipa. Kanipa brashi ya kusugulia.

Jumapili, 10 Machi
Siku mbili nasugua. Chokaa imetoka. Rangi ya chini nayo ikaifuata. Sura yangu yote imekwenda na maji mtaroni. Limebaki shati na kiti. Kipaza kapitisha watu wake bila kusimama. Hata kipaza hakukiwasha.
Nikamngoja shemeji anicheke. Hakucheka. Kasema ule mchoro aliuomba yeye. Dada yake, siku za uhai wake, alikuwa akinitazama nikilala hivyo hivyo, anacheka peke yake hadi anashika mbavu. Shemeji alitaka awe anaukumbuka huo wakati kila akifungua duka. Kisha akarudi kwenye cherehani yake.
Nikakaa chini, brashi mkononi, nikiangalia shati lisilo na mtu.
Lakini tuseme kweli, kosa ni la chokaa. Kesho nanunua rangi ya mafuta, ile isiyotoka hata kwa tindo. Nitajirudisha mwenyewe pale ukutani, shemeji akiwa kalala. Kuchora sijui. Lakini sura hii ni yangu, nani atanifundisha?