Kiazi wa Mwisho Duniani

Jumatatu, 3 Machi
Nimegundua kitu! Chumba changu cha gemu kilikuwa kitupu kama kawaida, nikawa nacheza mpira peke yangu. Kona ikapigwa, nikapiga chafya, kidole kikabonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo mara tatu. Kipa akazama ardhini! Mwili mzima! Kikabaki kichwa tu, kinateleza kwenye nyasi, kinadaka mpira kwa meno. Nimecheka mpaka nikaanguka kutoka kitini.
Na imekuja wakati wake. Chumba ni cha dada yangu, mshonaji wa mlango wa pili. Ameapa kwamba kisipojaa watu Jumamosi, anatoa televisheni yangu na kuingiza vyerehani. Dada hatanii.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: siri ya vitufe ibaki yangu. Nacheza mikono ikiwa chini ya taulo. Kipa nimempa jina la heshima, Mlinzi wa Ajabu.
Wamekuja watu kumi na mmoja! Kinyozi wa jirani amemwacha mteja na ndevu nusu, akaja kurekodi, akarusha mtandaoni. Chini ameandika "Kiazi", eti kwa kuwa amefukiwa ardhini kama kiazi. Nikamweleza jina rasmi. Akasema sawa, jirani, nimekuelewa. Kisha akageuka akauliza watu kama wamemwona Kiazi.

Jumatano, 5 Machi
Kiazi yuko kila mahali! Kuna picha yake imeandikwa: "Mimi nikisikia mama mkwe yuko mlangoni." Mwenye duka la dawa hakuonekana leo, wateja wakasema amekuwa Kiazi. Nchi nzima inacheka, na jina langu halimo popote. Wanamwita "kipa wa kinyozi". Roho inaniuma sana.
Kinyozi amekuja tena, akakaa kwenye kigoda karibu na magoti yangu, na kioo cha mkononi. Amesema anakagua kidevu chake. Nimempisha vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Kioo! Alikuwa anachungulia chini ya taulo! Siri ya vitufe yote iko mtandaoni. Sitamsalimu tena.
Lakini jioni, habari tamu. Watu wanalalamika kwamba ujanja umegoma. Mashine zao zina intaneti, na gemu imejirekebisha yenyewe. Yangu haijawahi kuonja intaneti hata siku moja, kwa sababu ya ubahili wangu. Kwa hiyo Kiazi wa mwisho duniani anaishi kwangu! Nimeipangusa mashine kwa kitambaa laini.

Ijumaa, 7 Machi
Tangazo limebandikwa mlangoni: KIAZI WA MWISHO, KESHO, SAA NANE MCHANA. Jina langu kwa herufi kubwa kuliko lake.
Na dunia nzima itaona, moja kwa moja kutoka kwenye mashine! Fundi wa simu amekuja kuniunganishia intaneti. Akaniuliza kama nina uhakika, kaka, maana mashine ikishaunganishwa... Nimemwambia kila mtu na kazi yake.

Jumamosi, 8 Machi
Watu wamejaa mpaka barabarani! Dada mwenyewe amekosa pa kusimama. Nikawasha. Mashine ikaniomba nisubiri, kuna kitu inapakua. Nikadhani inajiandaa kwa heshima ya wageni.
Kona. Taulo. Vitufe. Kipa kasimama wima.
Nimejaribu mara thelathini. Hazami. Nilitamani nizame mimi. Ndipo kinyozi akapiga magoti, akavuta shati mpaka puani, akateleza sakafuni akitangaza kwamba Kiazi ni yeye. Mwingine akashuka. Halafu wote! Wakatengeneza mpira wa matambara, wakachezea magotini, vichwa tu vinaonekana, na wapita njia wakajiunga. Televisheni hakuna aliyeitazama. Nami nilishuka, nikadaka mashuti mawili, moja la kinyozi. Nakiri, sijawahi kufurahi hivi maishani. Tumesalimiana.

Jumapili, 9 Machi
Kuna foleni ndefu kwa dada. Suruali zote za mtaa zimepasuka magotini, naye anatia viraka huku akiimba. Amesema chumba kilijaa, kiapo ni kiapo, nibaki. Ameongeza kwamba, mdogo wangu, wewe endelea kuwapigisha magoti tu.
Mchana nimecheza peke yangu. Nimeangusha pedi ya kuchezea gemu kwa bahati mbaya. Refa ameelea! Yuko juu ya goli, miguu inaning'inia, anapuliza filimbi kwa nguvu zote! Nimempa jina kabla kinyozi hajaamka usingizi wa mchana: Mwamuzi wa Anga. Safari hii hanipiku mtu. Sisubiri Jumamosi, naionyesha dunia sasa hivi, moja kwa moja.
Intaneti niliyoizima jana nimeshaiwasha. Mashine inasema nisubiri kidogo, kuna kitu inapakua. Nasubiri. Taulo liko tayari magotini.