Mioyo Arobaini kwa Udaktari Wangu

Jumatatu, 6 Oktoba 1997
Barua kutoka Dar. Profesa Wilhelmina, msimamizi wa utafiti wangu wa udaktari, anataka mapigo ya mioyo ya wakimbiaji arobaini, yahesabiwe mara tu wanapomaliza kukimbia. Mwisho Ijumaa. Nikishindwa, jina langu linafutwa. Miaka minne nasoma huku nafundisha sayansi ya michezo hapa chuoni Mwanza, na sijapima hata kuku! Gosbert wa ofisi ya jirani alianza nyuma yangu, keshamaliza kuandika.

Jioni, wazo. Mbio za Alhamisi nitazitangaza kuwa mtihani. Alama ishirini. Wanafunzi wanapata somo, mimi napata utafiti. Wenzangu hawafikirii hivi.

Jumanne, 7 Oktoba
Nani ahesabu? Nimempata Mzee Machibya wa Nyakato, muuguzi mstaafu. Mkono wake mtulivu, na hakuna mwanafunzi atakayethubutu kubishana naye. Gosbert kashauri wanafunzi wahesabiane wenyewe. Wivu mtupu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Ushindi! Nilibaki getini mwa chuo, mwanzo wa mbio, na saa yangu mpya ya Dubai, nikiwaachia wanafunzi mmoja mmoja. Mzee alikuwa kule ufukweni, mwisho wa mbio, kakaa chini ya turubai. Jua la saa saba! Matokeo: sabini na mbili. Sabini. Sitini na nane! Mioyo yote arobaini imetulia kana kwamba imetoka kanisani. Vijana wa Ziwa hawachoki! Nimeandika kurasa kumi na moja kuhusu ugunduzi huu, nikazipeleka mjini, Mirongo, zitumwe kwa Profesa kwa faksi. Gosbert aliuliza kama nina hakika. Nilimwonea huruma.

Ijumaa, 10 Oktoba
Profesa kapiga simu. Swali moja tu: mwanafunzi akifika, zilipita sekunde ngapi kabla ya kushikwa mkono? Nikakimbilia Nyakato. Mzee akaeleza bila haraka. Wote walimpa shikamoo, wasichana wakapiga magoti. Naye akaitikia, akauliza habari za wazazi, ng'ombe, mvua ya huko kwao. Ndipo akahesabu.

"Mtoto wa mtu anafika anahema, nimkamate mkono kabla hatujasalimiana? Wewe ulilelewa wapi?"

Nimelelewa Magu, kwa shikamoo na magoti hayo hayo. Saa kumi nimemwambia Profesa ukweli. Jina limefutwa. Nimejifungia ofisini, nikalia kidogo. Gosbert akagonga, akasema atanisaidia kuomba upya na kupima tena, safari hii wanafunzi wahesabiane. Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimemkatalia Gosbert. Kaona ugunduzi, anautaka! Maombi mapya yako tayari, na mada mpya: jinsi maamkizi yanavyotuliza moyo wa mwanamichezo. Hakuna aliyewahi kuipima! Wanafunzi nimewaambia Alhamisi ni mtihani mwingine. Wazee kumi na wawili wa Nyakato wamekubali kuja kuamkiwa. Mapigo atahesabu yeyote kati yao atakayekumbuka.