Kichwa cha Mungu Kiwanjani kwa Nazmiye

Tapeli Zühtü aliposikia kwamba mjane Nazmiye anaanza kuchimba msingi wa nyumba ya wageni, aliiacha chai yake nusu glasi. Kiganja kilikuwa kimeshaanza kumwasha.

Mji wa Side, pwani ya Uturuki, unakula kwa magofu yake. Wageni hulipa kupiga picha chini ya nguzo za hekalu ufukweni, kisha huuziwa samaki kwa bei ya dhambi. Lakini kila mwenye kiwanja huomba Mungu kisifukuliwe kwake hata kigae. Likionekana jiwe moja la kale, watu wa makumbusho huja na kamba na brashi, ujenzi husimama, na mwenye kiwanja huzeeka akitazama shimo. Zamani maharamia waliuza mateka katika bandari hii. Siku hizi watu wamestaarabika, wanauziana hofu.

Basi Zühtü akafinyanga kichwa cha mungu kwa saruji, akakivunja pua kwa heshima zote, akakipaka tope na kukifukia kiwanjani kwa Nazmiye. Kesho yake akapita pale kama mtu anayekwenda zake, akaomba koleo amsaidie kidogo, na pigo la tatu likagonga.

"Dada, tumekwisha!" akanong'ona.

Nazmiye akainama, akakipapasa kichwa kile mpaka shingoni. Kisha akajishika kifua.

"Ndiyo ardhi pekee aliyoniachia marehemu! Nitakula nini, Zühtü?"

"Nitakiondoa mimi. Ila ni hatari, dada yangu. Zile bangili sita za binti yako zingenitosha."

Bangili hizo alikuwa akizimezea mate tangu harusini. Aliziona kwa macho yake zikivishwa mkononi mwa bibi harusi, mshereheshaji akitaja kwa kipaza sauti kila moja imetoka kwa mjomba gani wa bwana harusi. Dhahabu iliyotangazwa mbele ya watu mia tatu nani ataiuma kwa meno kuijaribu?

"Utazipata," alisema Nazmiye. "Lakini palipo na kichwa pana kiwiliwili. Chimba kote nipate amani."

"Tuite vibarua?"

"Vibarua? Si umesema ni siri?"

Zühtü akalishika koleo. Alichimba siku nne peke yake, akifuata kamba za msingi kote, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nazmiye alikaa kivulini akimenya maharage, akimwonyesha palipopinda. Jioni ya nne alimkabidhi bangili zimefungwa kwenye kitambaa, na machozi juu.

Asubuhi sonara alizitazama mara moja tu, akaangua kicheko.

"Hizi nimewauzia mimi ukoo wa bwana harusi. Shaba iliyopakwa rangi. Nusu ya maharusi wa mji huu wanazo."

Zühtü alirudi mbio, jasho likimtoka, akamkuta Nazmiye na fundi wakipanga nondo.

"Umeniibia! Shaba!"

"Naijua shaba yangu," alisema Nazmiye, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Nilipogundua nililia siku tatu. Mwanangu wamemwoa kwa mabati, na mji mzima ukapiga makofi, wewe ukiwa mstari wa mbele. Tangu hapo natafuta mtu anayestahili kupewa."

"Nitakushtaki!"

"Twende. Mimi nitaeleza bangili, wewe eleza mungu. Amekaa ardhini miaka elfu mbili na shingoni saruji bado mbichi. Kidole changu kilizama, Zühtü."

Fundi akageuka kuficha uso, mabega yakitikisika.

Zühtü akakitazama kitambaa cha bangili mkononi, akakitia mfukoni.

"Vizuri," alisema Nazmiye akimsogezea koleo. "Sasa ingia tena shimoni. Upande wa choo umechimba ovyo, kama mtu anayelipwa."