Kifuniko Kilichokimbilia Bondeni

Enyi mlio karibu na mlio mbali, sogeeni! Epueni vyungu, zimeni redio, kwani nawasimulia vita vya kifuniko kimoja, na atakayecheka kabla ya mwisho nitaanza upya.

Mwaka ule Mjomba, Bwana Misitu, Simba wa Misumeno, alipunguza miti ya mlimani: katika kila mitatu aliangusha mmoja, iliyobaki ipate jua. Wenye mabwawa ya samaki wakang'aka. Mizizi ikipungua, nani atashika rutuba? Mvua itaizoa hadi kijitoni, mabwawa yageuke kijani kwa mwani, samaki wafe! Ikaamuliwa maji ya mvua kubwa ya kwanza yapimwe. Rutuba ikizidi kiwango, Mjomba aache kazi. Na mpimaji alikuwa nani? Mpwa wake, Binti Chupa, asiyempendelea hata mamaye!

Mvua ikanyesha. Binti Chupa akaingia kijitoni, akageukia kule maji yanakotoka, akasuuza chupa mara tatu kama ilivyo sheria, akaijaza. Kifuniko alikuwa amekiuma kwa meno. Ndipo Mjomba akatokea ukingoni, na mpwa aliyelelewa vizuri afanyeje?

"Shikamoo, mjomba!"

Chubwi!

"Marahaba. Mbona umeduwaa?"

"Kifuniko! Lete chupa ya akiba!"

"Ile? Nimeitia mafuta ya msumeno."

"Mjomba!"

"Mwanangu, ningejuaje kama kifuniko kina miguu?"

Lo! Shujaa akatimka, chupa ameinyanyua juu ya kichwa; akateleza, akaketi majini, akainuka bila kumwaga tone. Adui, kile kifuniko, akazunguka kona, mabwawa yakimngoja. Lakini penye kona palisimama miti ya ukingoni ambayo Mjomba aliagiza isiguswe hata tawi, na mizizi yake ikamnasa. Binti Chupa akamkamata, akamsuuza mara tatu, akamfunga kwenye mdomo wa chupa.

Siku ya tatu maabara ikajibu: rutuba imeongezeka, ila iko chini ya kiwango. Nyingi ilinaswa na mizizi ileile.

Mjomba akaketi juu ya kisiki. "Na ingezidi, ungeandika?"

"Ningeandika, mjomba. Halafu ningelia."

"Basi ngoja nilie mimi, yaishe." Akalia kweli, mtu mzima yule.

Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba saa nne asubuhi kifuniko cha upana wa vidole viwili kilisalimu amri. Tangu hapo, Binti Chupa akiwa majini, Simba wa Misumeno hupita mbali, ananyata nyuma ya miti, asije akaamkiwa.