Bangili Nne na Gari Linalotetemeka

Jamani, leo nimeaibika. Siyo ile aibu ya kuteleza kwenye tope, ukainuka, ukajipangusa, ukaendelea na safari. Hii ni aibu yenye mashahidi, yenye video, na yenye grisi mpaka kwapani. Naandika nikiwa nyuma ya jiko la mama mkwe huku milimani, mtandao unakuja na kuondoka. Nisomeni mimi kwanza kabla wifi yangu hajawasimulia kwa namna yake.

Mume wangu, Baba Derick, ana ugonjwa wa rimu za spoti. Kagari ketu kalikuwa na rimu za chuma za kawaida, kanatupeleka kila mahali, hakajawahi kulalamika. Yeye akaona kanamdhalilisha. Akaagiza rimu Dar, zikaja kwa basi, akazilaza sebuleni siku kadhaa kama wageni wa heshima. Kila akipita anazifuta vumbi. (Mimi nilijifungua kwa upasuaji, hakunifuta hata jasho.)

Siku moja yuko kazini, nafagia, nikafungua boksi. Pembeni ya zile rimu kuna kimfuko laini. Ndani ya kimfuko, bangili nne! Zinang'aa, nyepesi, zimechongwa vinamba kwa ndani. Nikajua hizo ni karati. (Nimemaliza kidato cha nne, ndiyo. Matokeo ya fizikia msiniulize.)

Nikazirudisha kimya kimya, nikasubiri kupewa. Siku ya kwanza, hola. Siku ya pili, hola. Siku ya tatu nikazihamishia kabatini kwangu, nione atafanya nini. Jioni mtu huyo! Anapekua boksi, anapekua chini ya kochi, anainua mpaka godoro la mtoto.

"Mama Derick, hujaona kimfuko hapa?"

"Kimfuko gani?"

"Kile cha... basi, acha tu."

Basi, acha tu! Mwanaume akikwambia "basi, acha tu" huku amekwepesha macho, mwanamke mwenye akili timamu anaelewa nini? Nilielewa. Bangili si zangu. Zina mwenyewe, yupo mahali anazisubiri.

Sikulia. Asubuhi nilijipaka mafuta ya nazi, nikazivaa zote nne mkono wa kulia. Ya mwisho ilikuwa inabana, nikaisukuma kwa hasira mpaka ikapita. Nikasema atakapoziona atashtuka, na akishtuka tu, nimemkamata.

Hakushtuka. Siku kumi na mbili nimempakulia, nimempokea mkoba, nimemnyooshea nguo mbele ya macho yake, bangili zinalia chwang chwang. Hakuona kitu. Walioona ni majirani. Mama mmoja wa jumuiya akaniuliza nimezipata wapi, nikamjibu bila kupepesa, "Dubai." Akaniomba nimwagizie. Nikamwambia mzigo umeisha.

Katika siku hizo hizo rimu zikafungwa kwenye gari, na gari likaanza kutetemeka. Mjini, kwenye matuta na foleni, limetulia tuli. Ukitoka nje ya mji, ukifika mwendo wa themanini, usukani unatetemeka kama mtu mwenye malaria. Mara mbili Baba Derick amelirudisha kwa fundi likabalansiwe matairi, mara mbili likarudi vile vile. Mwisho akatoa tamko: "Litazoea." Gari! Litazoea!

Sasa tuje leo.

Leo ni ubatizo wa Derick, kigangoni kwao Baba Derick, juu kupita Mgeta. Padre anapanda huko mara chache sana, na mama mkwe ameshasema mbele ya watu kwamba mjukuu wa miezi minane asiyebatizwa anamnyima usingizi. Saa saba mchana kamili, maji yanamwagwa. Ukichelewa, padre ana kigango kingine, anashuka zake. Baba Derick alitangulia jana kwenda kuchinja mbuzi. Nikaachiwa gari, mtoto, keki na wifi yangu Sesilia.

Saa mbili asubuhi tumetoka Kihonda. Nimevaa kitenge kipya cha sare, bangili zangu nne mkononi. Tumepita Msamvu, tumeshika barabara ya Mzumbe, lami safi, nikakanyaga mafuta. Sitini, salama. Sabini, vioo vikaanza kutetemeka. Themanini, jamani! Usukani ukanicheza mikononi, bangili zinagongana, meno ya wifi yanagongana. Derick akacheua maziwa yote ya asubuhi kwenye gauni jeupe la ubatizo. Keki ikaruka kutoka kwenye kiti, ikatua kwa uso.

"Wifi, punguza! Tutabatizwa sote leo, tena kwa damu!"

Nikapaki pembeni. Mbele yangu kuna milima, kona na makorongo. Nipande na gari hili, na mtoto nyuma? Nikageuza. Nikasema leo huyo fundi aliyefunga haya matairi atanijua.

Gereji iko Kihonda kule kule nilikotoka. Nimeingia kwa breki, vumbi likawafunika wote. Fundi Shomari, mzee wa makamo, mpole, doa la grisi kwenye kofia, yuko kwenye benchi anakunywa chai. Vijana wake watatu wako chini ya lori. Kuna mteja mmoja amekaa anasoma simu, na mama wa chapati yuko na meko yake pembeni. Hata shikamoo sikutoa. (Mama yangu, kama unasoma, nisamehe.)

"Wewe ndiye uliyefunga matairi haya? Nani alikufundisha kazi? Mtoto wangu anabatizwa saa saba, unataka nimpeleke akiwa maiti?"

"Mwanangu, hujambo kwanza?"

"Sijambo nini! Mmebalansi mara mbili, gari bado linacheza ngoma! Hiyo mashine yenu inapima nini, unga?"

Mimi nikikasirika naongea kwa mkono. Wanaonijua wanajua. Kidole kwenye uso wa mzee wa watu, chwang! Nageukia gari, chwang! Nageukia vijana, chwang chwang! Yule mteja ameshaacha simu. Mama wa chapati ameacha chapati inaungua.

Fundi Shomari ananitazama tu. Kisha nikagundua hanitazami mimi, anatazama mkono. Kila mkono unapokwenda, macho yanakwenda.

"Unaangalia nini sasa? Mke wa mtu mimi!"

"Mwanangu," akasema taratibu, "hizo bangili umezipata wapi?"

"Zinakuhusu? Za Dubai!"

"Zimeandikwa sitini na saba nukta moja kwa hamsini na nne nukta moja?"

 Mwanaume mgeni anajua namba zilizoandikwa ndani ya bangili zangu! Nikavuta moja nikachungulia. 67.1 – 54.1. Damu ikanishuka mpaka kwenye kandambili.

Mzee akaweka kikombe chini, akanionea huruma, nadhani. Akasema, "Hizo ni ringi za rimu zenu. Rimu hizi si za gari hili, tundu lake la katikati ni kubwa kuliko kitovu cha gari, pale rimu inapokaa. Ringi ndiyo inaziba ile nafasi, rimu ikae katikati sawasawa. Bila ringi, rimu imening'inia kwenye nati tu, imekaa upande kidogo. Ni kama mfuniko wa sufuria kubwa umewekwa kwenye sufuria ndogo. Kwenye mashine yangu inazunguka vizuri. Barabarani inacheza. Nilimwambia mumeo, zitafute ringi. Akasema, wewe funga tu."

Kijana mmoja alitoka chini ya lori akiwa mzima, akarudi akiwa anacheka. Mteja akajifanya anakohoa. Mama wa chapati hakujifanya chochote: "Uuuwi! Kavaa vyuma vya tairi!"

Mngekuwa mimi mngefanya nini? Ilikuwa saa tatu na nusu. Nikanyoosha mkono, nikasema kwa sauti ndogo, "Haya, zitoeni mzifunge."

Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka kwa sabuni ya vyombo ya mama wa chapati. Ya tatu ikatoka na ngozi kidogo. Ya nne, ile ya hasira, ikagoma kabisa. Mkono ulikuwa umevimba kwa joto na kwa kung'ang'ania usukani.

"Nyie fungeni tatu," nikasema.

"Tairi moja likikaa upande bado utatetemeka," akasema Fundi Shomari. "Na huko kwenu ni kona tupu."

"Basi kateni."

"Nikiikata haifai tena. Mpaka iagizwe nyingine Dar."

Kwa hiyo nikalazwa. Ndiyo, nimelazwa, mgongo kwenye rundo la matairi mabovu, mkono juu ili damu ishuke. Sare ya ubatizo mwilini. Kila mtu akawa daktari. "Akikunje kidole gumba!" "Mfungeni uzi!" "Mama, usikaze, wewe jifanye huna mfupa!" Kijana akaleta kopo la grisi, akanipaka kuanzia kiganja mpaka kwapani kama anapaka beringi ya gurudumu. Fundi Shomari ameshika ringi, kijana wa pili ameshika bega langu. Wanavuta kwa kuhesabu, moja, mbili, tatu! Na Sesilia, mtoto wangu mkono mmoja, simu mkono mwingine, anarekodi.

Simu hiyo hiyo ikaita. Baba Derick. Sesilia akaipokea kwa spika. Sijui nilimkosea nini huyu mwanamke.

"Mmefika wapi? Mama anauliza kila dakika."

"Kaka, tuko gereji. Mkeo anavuliwa bangili na fundi."

"Bangili gani?"

Fundi Shomari akainama karibu na simu, "Asalaam aleikum. Ringi zako zimepatikana, bwana. Anazo mkononi mama watoto."

Baba Derick akapaza sauti, "Ringi zangu?! Nimezitafuta nyumba nzima! Nikanyamaza nikiogopa atanicheka kwamba nimepoteza vifaa! Kumbe anazo?"

Hapo nikasahau kama nimelala kwenye matairi. "Ndiyo ninazo! Siku kumi na mbili ninazo! Umekula ugali niliousonga kwa mkono huu! Nimekuvalisha tai kwa mkono huu! Ulikuwa unaangalia wapi?"

Gereji ikaitikia, "Heeee!" Kwa dakika moja nilikuwa mshindi. Mama wa chapati akapiga makofi. Ningenyamaza pale, leo nisingekuwa na kisa cha kuwaandikia.

"Sasa wewe," akauliza Baba Derick, "ulidhani nimezinunua za nani?"

Watu wote wakanigeukia. Hata mtoto.

"...Za mwanamke wako."

"Mwanamke gani? Mwanamke gani hapa duniani atakubali kuvaa ringi za tairi?"

  Wote walikuwa wanamtazama huyo mwanamke, amelala chali, mkono juu, amepakwa grisi.

Jamani, nimewahi kusikia watu wakicheka. Sijawahi kusikia gereji nzima inacheka. Kijana aliyeshika bega akaliachia, akakaa chini kwenye mafuta machafu. Fundi Shomari, mpole wa watu, alicheka mpaka akavuta bila kukusudia, na ringi ikatoka. Pwaa! Ikabiringika chini ya lori, vijana wakaifuata kwa magoti.

Nikasimama kando kama mtu aliyetoka kunyolewa. Nikawaangalia wakifuta kila ringi, wakaipachika, rimu ikaingia ikashika taff! bila kupepesuka. Wakakaza nati kwa mkono kwanza, tairi likiwa bado hewani. Kisha kwa spana, huku wakirukia ya upande wa pili kila mara, siyo kuzungusha duara kama anavyofanya mume wangu. Saa nne na robo tukaondoka. Nilimpa mzee shikamoo yake, tena kwa kupiga goti. Kwenye lami nikafika themanini. Gari limetulia, unaweza kunywa chai. Wifi yangu ndiye aliyekuwa anatetemeka kwa kicheko, na akinyamaza kidogo anaanza tena.

Tumefika saa saba kasoro dakika tano. Derick amebatizwa akiwa amevikwa shuka, keki ikaitwa uji. Nikamshika mtoto, padre akamwaga maji, mwanangu sasa ni Mkristo. Nilidhani yamekwisha.

Nje ya kanisa mama mkwe akanishika mkono kunipongeza. Akauona. Umevimba, mwekundu, una mistari minne na ngozi imechubuka. Akaniangalia. Akamwangalia mwanawe. Akaweka chini kapu lake la njegere.

"Nani kamfunga kamba mke wako? Umemfanya nini mtoto wa watu, siku ya ubatizo?"

Ukoo mzima ukageuka. Baba Derick akafungua mdomo kama samaki. Ilikuwa ni mimi tu wa kumwokoa, na njia ya kumwokoa ilikuwa moja: kusema yote, tangu kimfuko mpaka grisi, mbele ya wajomba, mashangazi na padre aliyekuwa amesimama na sahani yake ya mbuzi.

Nimesema. (Nilimwacha atoke jasho kidogo kwanza, sitadanganya.) Wamecheka mpaka mbuzi amepoa.

Na wewe unayecheka hapo kitandani, sawa. Ila kabla hujaendelea, mwite mumeo. Mwambie afumbe macho akutajie mkononi umevaa nini leo. Akipatia, rudi unicheke.