Ndoano Moja, Pikapu Tatu

Jumatatu, 4 Agosti
Jumamosi napeleka mtamba wa mahari kwa baba mkwe, Mzee Njura, kule Kianjokoma. Miaka tisa nimemwoa binti yake na bado ananiita "huyo mtu wa Meru". Ndambiri, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, anaitwa kwa jina. Alileta ng'ombe wake kwa lori! Mimi nina trela. Gari sina. Lakini nina marafiki watatu wenye pikapu, na Jumamosi mmoja wao hatakosa nafasi. Kinachotakiwa ni ndoano moja nzito ya kuvutia trela, ya kuingia kwenye pikapu zote tatu.

Mke wangu, Mama Kananu, aliuliza kwa nini mtamba asipandishwe tu kwenye pikapu. Nikamuuliza wazee wa ukoo watakaa wapi.

Nimekwenda soko la Kianjai kupima bampa zao ziko juu kiasi gani. Pikapu zote tatu zilikuwa pale, zimejaa miraa hadi juu, zimetulia. Kazi safi. Vipimo nimeviandika kiganjani.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeiona. Jamani! Chuma kitupu, uzito wa kondoo aliyeshiba. Vichwa viwili vya mviringo, kikubwa na kidogo, vinang'aa hadi nikajiona uso. Nguzo yake ina matundu: unachomoa pini, unapandisha au unashusha kichwa kulingana na gari. Aliyewaza jambo hili si mtu wa kawaida.

Mwenye duka alisema zipo za nguzo fupi na ndefu. Pikapu za miraa huongezwa springi, mkia unakaa juu, kwa hiyo nichukue ndefu. Nikamwonyesha kiganja. Nikachukua fupi, nikamwachia pampu yetu ya maji badala ya pesa. Mama Kananu hajajua. Ndoano nimeiweka sebuleni, juu ya kitambaa cheupe. Chai imepoa nikiitazama.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa. Wawili wana safari. Amebaki Mutembei, na pikapu yake leo haina miraa. Mkia uko juu ajabu! Nimeshusha ndoano hadi tundu la mwisho, bado pua ya trela inatazama mawingu. Mutembei akaniuliza, "Gikunda, hii trela yako inaomba Mungu ama?"

Nimefikiri. Miraa ni uzito. Wazee pia ni uzito. Nikapandisha majirani watano, wakakaa nyuma kabisa. Mkia ukashuka, trela ikalala sawa kama meza. Nilisimama pale nikashindwa hata kucheka kwa furaha. Ndoano ya namna hii!

Jumamosi, 9 Agosti
Tumefika. Wazee watano nyuma, wazito wote. Mzee Muthamia, mzito kuliko wote, nilimkalisha ukingoni, akalalamikia mgongo kuanzia Nkubu.

Langoni kina mama wa Kianjokoma walikuwa wamefunga njia wakiimba, kama ilivyo desturi. Wageni wangojee hadi waruhusiwe. Wazee wetu wakashuka kujibu wimbo. Wote watano, kwa pamoja! Mkia ukaruka, trela ikainama nyuma, kamba ya mlango ikakatika. Mtamba akateremka taratibu, akapita katikati ya kina mama, akaingia uani bila kuruhusiwa na mtu.

Wimbo ukakatika. Nilijua nimekwisha.

Mzee Njura akasema amepokea ng'ombe wengi maishani, ila huyu ndiye wa kwanza kujileta mwenyewe. Kisha akaja nyuma ya gari, akaizunguka ndoano mara mbili, akaigonga kwa fimbo. Akasema mtamba kama huyu atang'oa kila kigingi, lakini chuma hiki hawezi kukiburuta. Siku ya mahari baba mkwe hanyimwi. Nikachomoa pini mwenyewe. Ndambiri akaibeba hadi zizini, akihema.

Halafu mzee akanishika bega. "Gikunda," akasema, "kuja tukule."

Gikunda! Machozi yalinitoka, sioni aibu kuandika. Trela imebaki huko. Haina cha kuivuta.

Jumatatu, 11 Agosti
Mama Kananu amejua habari ya pampu. Anachota maji mtoni.

Mwenye duka amepiga simu. Ana ndoano nyingine, nzito zaidi, vichwa vitatu! Vitatu! Nimekwenda sokoni haraka kupima pikapu upya. Bahati nzuri zote zilikuwa zimejaa miraa, zimetulia.

Nitachukua fupi.